Mwenye Enzi na Wanyonge: Lugha ya Kumtumaini Mungu Wakati wa Dhiki katika Masasi na Newala, 1876–1918

Utangulizi

Historia ya dini katika kusini-mashariki ya Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya taasisi: vituo vya misheni, shule, hospitali, majimbo ya maaskofu, misikiti na tarika. Taasisi huacha majengo na majalada, kwa hiyo ni rahisi kwa mwanahistoria kuzifuatilia. Sala haiachi jengo. Maneno yake hutamkwa na kupotea, na yule anayeomba usiku akiwa amejificha kichakani pamoja na watoto wake hana karani wa kumwandikia. Hata hivyo, sala huacha alama zake katika lugha. Maneno ambayo watu huyachagua wanapomwendea Mungu wakati wa shida huonyesha wanavyoufikiri uwezo wake, wanavyojifikiri wao wenyewe, na wanachotarajia kutokana na kuomba.

Mhadhara huu unachunguza jambo hilo katika eneo dogo, yaani Masasi na Newala, na katika kipindi kifupi, yaani miaka arobaini na miwili baina ya 1876 na 1918. Katika kipindi hicho watu wa eneo hilo walipatwa na misiba mikubwa mitatu: uvamizi wa mwaka 1882, Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 na njaa iliyofuata, na Vita Kuu ya Kwanza. Katika kila msiba swali lilikuwa moja: ni nani mwenye uwezo wa kuokoa, na mnyonge afanye nini wakati wokovu unapochelewa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili cha sala kiliwapa watu wa Masasi na Newala njia ya kutenganisha mambo mawili ambayo dhiki huyachanganya, yaani nguvu inayoonekana na enzi ya Mungu. Utengano huo ndio uliowezesha imani kuishi mahali ambapo nguvu zote zinazoonekana zilikuwa zimeshindwa.

Nchi ya kimbilio na ya kiu

Masasi imo katika nchi tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama peke yake, mmojawapo ukiwa Mtandi, ambapo Kanisa Kuu la Kianglikana limejengwa. Kusini-mashariki yake huinuka uwanda wa juu wa Makonde, na Newala iko kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda huo, ikitazama bonde la Ruvuma. Wakazi wa eneo hili ni Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao wameishi kwa kuchanganyikana kwa vizazi vingi.

Uwanda wa Makonde ulikuwa na sifa mbili zilizotawala maisha ya watu wake. Kwanza, ulifunikwa na vichaka vizito ambavyo jeshi la wavamizi lilipata shida kupenya. Katika karne ya kumi na tisa, wakati wa biashara ya utumwa na uvamizi wa Wangoni, vichaka hivyo vilikuwa ngome. Pili, udongo wake wa kichanga hauhifadhi maji juu. Chemchemi zilikuwa mabondeni, chini ya kingo za uwanda, na wanawake walishuka na kupanda mteremko mrefu kila siku ili kupata mtungi mmoja. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliushuhudia uhaba huo wa maji. Usambazaji wa maji kwa mabomba ulianza tu katika miaka ya 1950.

Kwa hiyo, kuishi juu ya uwanda kulikuwa ni kuchagua kiu ili kupata salama. Watu wenye uzoefu huo hawakuhitaji kufundishwa na mgeni yeyote kwamba maisha ya binadamu yamo mikononi mwa mwingine. Mvua ikikawia, hapakuwa na mto wa kukimbilia.

Maneno ya uwezo

Kabla ya kufika kwa dini za kigeni, jina la Mungu lilikuwa tayari linajulikana. Wayao walimwita Mulungu, Wamakua Muluku, na Wamakonde Nnungu. Ni dhahiri kwamba majina hayo ni ndugu wa neno la Kiswahili Mungu. Kisarufi neno hili lina tabia ya pekee: wingi wake ni miungu, kama mti na miti, lakini upatanisho wake ni wa kiumbe chenye nafsi. Mapokeo ya Wayao hayakuweka mpaka mkali baina ya Mulungu na roho za wazee waliotangulia. Sadaka ya unga iliwekwa chini ya mti uitwao msolo, na wazee waliombwa wawe wasemaji wa walio hai.

Kiswahili kiliongeza juu ya msingi huo hazina nyingine ya maneno, ambayo sehemu yake kubwa ilipitia midomoni mwa Waislamu wa pwani. Neno Mwenyezi limeundwa kwa mwenye na enzi, na enzi limetokana na Kiarabu, likiwa na maana ya utukufu, heshima na mamlaka. Kudura, pia kutoka Kiarabu, ni uwezo wa Mungu wa kuamua na kutenda. Uweza ni neno la Kibantu, kutokana na kitenzi weza. Nguvu nalo ni la Kibantu, lakini matumizi yake ni mapana zaidi: ng'ombe ana nguvu, mto una nguvu, dawa ina nguvu, na serikali ina nguvu. Enzi haitumiki hivyo. Ng'ombe hana enzi. Mtu anaweza kuwa na nguvu bila enzi, kama mnyang'anyi, na mfalme anaweza kubaki na enzi hata pale ambapo nguvu zake hazionekani.

Maneno ya kutumaini nayo yanastahili kuangaliwa. Kutegemea ni kuegemeza uzito wako kwenye kitu kingine. Methali inaonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kitenzi kilekile, kinapoelekezwa kwa Mungu, hakina onyo hilo. Kutumaini kumetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutulia, kuwa na moyo uliopoa baada ya mahangaiko. Dhiki katika asili yake ni wembamba, mahali palipobana. Faraja katika asili yake ni kufunguka kwa kilichofungwa. Methali isemayo baada ya dhiki faraja inaeleza basi safari ya mtu anayepita katika njia nyembamba akielekea mahali peupe. Methali hiyo haisemi dhiki itadumu kwa muda gani, wala haisemi kwamba kila aliyeingia katika njia ile atatoka.

Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, maarufu kama UMCA, alifahamu uzito wa hazina hiyo. Mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili, na mwaka 1876 mkusanyo wake kuhusu lugha ya Kimakonde. Alipotafsiri sala na Maandiko hakubuni lugha mpya ya kanisa. Alichukua maneno yaliyokuwa yakitumiwa na Waislamu wa Unguja, kama vile Mwenyezi, imani, dhambi na sala, na kuyaweka midomoni mwa Wakristo. Matokeo yake ni kwamba Mwislamu wa Newala na Mkristo wa Masasi, walipopatwa na msiba mmoja, walimlilia Mungu kwa maneno ambayo kila mmoja aliyaelewa anapoyasikia kwa mwenzake.

Uvamizi wa mwaka 1882

Mwaka 1876 Steere aliondoka Lindi akiongoza kundi la watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamekombolewa utumwani na kulelewa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873. Nia ilikuwa kuwarejesha katika nchi za asili yao karibu na Ziwa Nyasa, lakini safari iliishia Masasi, nao wakajenga kijiji hapo chini ya uangalizi wa William Percival Johnson. Chauncy Maples alifika baadaye, na miaka michache ikapita kabla ya kazi kuenea hadi Newala, kwa mfalme wa Wayao aliyeitwa Matola.

Kijiji cha Masasi kilikuwa ni kijiji cha watu waliokwisha kuokolewa. Maisha yao yalikuwa hoja iliyo hai kwamba Mungu husikia. Kila mmoja alikuwa ametekwa, ameuzwa, na kisha amefunguliwa. Hata msamiati wa imani yao ulitokana na maisha hayo. Neno Bwana, walilomwita Mungu, lilikuwa jina la mwenye mtumwa. Kitenzi komboa, kilichowapa jina Mkombozi, kilitumika kwa kutoa mali ili kumrudisha mtu aliyetekwa au kitu kilichowekwa rehani. Kwao maneno hayo hayakuwa mafumbo.

Mwezi Septemba 1882, majuma machache tu baada ya Askofu Steere kufariki Unguja mwezi Agosti, Wangoni waliojulikana huko kwa jina la Wamagwangwara walikivamia kijiji hicho. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na wengine walichukuliwa mateka. Watu waliokuwa wameonja uhuru walirudishwa katika kamba. Ni vigumu kufikiria jaribu kubwa zaidi la imani ya kijiji kama hicho. Ikiwa Mungu aliyewatoa Unguja ni Mwenyezi, kwa nini amewaacha Masasi?

Jibu la jamii hiyo lilionekana kwanza katika matendo. Mmisionari W. C. Porter alisafiri hadi Ungoni kutafuta namna ya kuwakomboa mateka, na baadhi yao wakarudi. Wengine hawakurudi. Sehemu kubwa ya jamii ilihamia Newala pamoja na Maples, ikapata kimbilio karibu na Matola, mahali ambapo ukingo wa uwanda ulitoa kinga ambayo tambarare ya Masasi haikuwa nayo. Baadaye Masasi yenyewe ilijengwa upya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kuomba na kukomboa havikutenganishwa. Hakuna aliyedhani kwamba kwa kuwa Mungu ni Mwenyezi, mali ya kukombolea mateka haihitajiki, au kwamba kuhamia mahali penye kinga ni upungufu wa imani. Sala za asubuhi na jioni ziliendelea kusomwa, na ndani yake zilikuwamo Zaburi. Zaburi ni kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni malalamiko ya mtu aliyezingirwa na adui, anayemuuliza Mungu amejificha wapi. Waliosalimika walipewa hivyo ruhusa ya kulalamika ndani ya imani. Kumtumaini Mungu hakukumaanisha kunyamaza.

Padre aliyeitwa Majaliwa

Miongoni mwa watoto waliokombolewa Unguja alikuwamo kijana mmoja wa asili ya Kiyao, Cecil Majaliwa. Alisoma katika chuo cha Kiungani na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi na kupelekwa Chitangali, katika nchi ya mfalme Nakaam, na mwaka 1890 Askofu Charles Smythies akampa daraja la upadre. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika UMCA. Alifanya kazi Chitangali hadi mwaka 1897, kwa sehemu kubwa bila Mzungu wa kumsimamia.

Jina lake lina maana katika mjadala huu. Majaliwa ni nomino itokanayo na kitenzi jalia katika hali ya kutendwa: ni kile ambacho mtu amejaliwa, amepewa na Mungu bila yeye kukitengeneza. Msemaji wa Kiswahili anapoagana na mwenzake kwa kusema tukijaliwa, anakiri kwamba kesho si mali yake. Maneno hayo yakitamkwa na mtu mwenye nguvu huwa ni adabu tu. Yakitamkwa na mtu aliyeuzwa akiwa mtoto, yanakuwa maelezo kamili ya maisha yake. Utumwa haukuwa hiari yake, na ukombozi wake haukuwa kazi ya mikono yake.

Hata hivyo Majaliwa hakukaa akisubiri kujaliwa. Alifundisha, alihubiri, alibatiza na kuanzisha shule. Katika mtu huyu majaliwa na juhudi vilikaa pamoja bila kugombana, na ni makosa kuyatafsiri mafundisho ya kumtegemea Mungu kama mafundisho ya uvivu.

Maji ya mwaka 1905

Mwishoni mwa Julai 1905 vita vilianza katika milima ya Matumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji yaliyochanganywa na dawa, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga mapema mwezi Agosti, lakini vita vilienea upesi. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale. Vituo vya Nyangao na Lukuledi vilishambuliwa, na kabla ya mwezi kwisha kituo cha UMCA cha Masasi nacho kilichomwa. Wamisionari wa Kizungu walikimbilia pwani. Matola wa pili na Nakaam, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Barnaba, hawakujiunga na wapiganaji.

Ni desturi ya maandishi ya zamani ya kimisheni kuyaita maji hayo ushirikina, na ya vitabu vya utaifa kuyaita mbinu ya kuunganisha makabila. Tafsiri zote mbili zinaacha kitu. Waliokunywa maji hayo walikuwa pia watu wanaoomba. Walikuwa wamebanwa na kodi, kazi za shuruti na mapigo, nao walitafuta uwezo mkubwa kuliko bunduki. Dhiki yao ilikuwa ya kweli, na kiu yao ya kuokolewa haikuwa na kasoro yoyote ya kiroho kuliko kiu ya waliosali kanisani au msikitini.

Tofauti ilikuwa katika umbo la tumaini lenyewe. Ahadi ya maji ilikuwa ahadi ya nguvu dhidi ya nguvu: risasi itageuka maji. Ahadi ya namna hiyo inaweza kupimwa katika uwanja wa vita kwa mchana mmoja, na ikipimwa ikashindwa, haina mahali pa kujificha. Aliyeona ndugu yake akianguka mbele ya bunduki ya rashasha, mwili wake ukiwa bado umelowa dawa, alipoteza ndugu na tumaini kwa pamoja. Waliomwita Mwenyezi hawakuwa na ahadi ya namna hiyo. Walikuwa na jina la mwenye enzi, na enzi haipimwi kwa risasi.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni rahisi mno, kwani Wakristo wa Masasi waliishia kulindwa na bunduki zilezile za Wajerumani. Pingamizi hilo ni zito, na haliwezi kupuuzwa. Serikali ilishinda kwa silaha, na baadaye kwa njaa, kwa kuchoma mashamba na maghala. Makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa kusini yanafika watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Mkristo aliyeokoka katika hali hiyo angeweza kwa urahisi kuchanganya enzi ya Mungu na nguvu ya Mjerumani. Je, alizichanganya?

Baada ya vita

Jibu bora linatokana na yale yaliyotokea katika miaka iliyofuata. Kama watu wa kusini-mashariki wangekuwa wanafuata tu nguvu inayoshinda, basi baada ya mwaka 1905 wangekimbilia wote dini ya Wazungu. Haikuwa hivyo. Makanisa yalikua, na Wabenediktini walianzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906. Lakini katika miaka hiyo na iliyofuata Uislamu ndio ulioenea kwa upana zaidi vijijini, ukipelekwa na walimu wa kawaida, wafanyabiashara wadogo na watu wa tarika waliokusanyika usiku kwa zikri. Dini hiyo haikuwa ya watawala. Haikuwa na bunduki wala boma.

Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilisambaa kutoka pwani ya Lindi. Ilionya kwamba siku ya mwisho imekaribia, na kuwataka waumini watubu na washike swala. Maofisa wa Kijerumani waliingiwa na hofu ya uasi mpya. Hofu hiyo yenyewe ni ushahidi. Serikali iliyokuwa imemaliza kushinda vita kwa rashasha ilitetemeshwa na karatasi iliyowaambia watu wasali. Ilielewa, labda kuliko wanatheolojia wengi, kwamba mtu anayemtambua Mwenyezi huwa amekwisha kuiwekea serikali mpaka.

Hapa lugha na historia hukutana. Mkristo na Mwislamu, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamepata neno la kumwita Mwenye Enzi ambalo mtawala hakuweza kulitwaa. Mkuu wa boma alikuwa na nguvu, na kila mtu alilijua hilo mgongoni mwake. Mwenyezi alikuwa mwingine.

Vita vya wengine

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza na kuwaweka kizuizini mbali na waumini wao. Waliokuwa Tabora walifunguliwa mwaka 1916 baada ya Wabelgiji kuuteka mji huo. Katika baadhi ya sehemu za jimbo la Zanzibar, ambalo Masasi ilikuwa ndani yake hadi mwaka 1926, walimu Waafrika nao walifungwa. Katika Masasi na Newala, mapadre, mashemasi na walimu wazalendo ndio waliobaki na makanisa.

Mwaka 1917 vita vyenyewe vilifika. Mwezi Oktoba majeshi yalipambana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya Afrika ya Mashariki. Mwezi Novemba jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilipita kwenye uwanda wa Makonde, likaacha wagonjwa na majeruhi wake Nambindinga, kisha tarehe 25 likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kila jeshi lililopita lilikula chakula cha wenyeji na kuchukua wanaume wawe wapagazi. Njaa ilifuata, na mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyoenea duniani kote ikamalizia waliodhoofika.

Safari hii hapakuwa na upande wa kuutegemea. Mjerumani na Mwingereza walikuwa Wakristo wote wawili, kila mmoja akimwomba Mungu yuleyule ushindi. Mwanakijiji wa Newala, ambaye unga wake ulichukuliwa na mmoja na mwanawe akachukuliwa na mwingine, hakuweza tena kuamini kwamba Mungu anaishi katika kambi ya mwenye mizinga. Hata hivyo, wamisionari waliporudi walizikuta jumuiya zikiwa bado zinakutana. Sala zilikuwa zimeendelea kusomwa kwa Kiswahili, na wazalendo, kwa mpangilio uleule wa kila siku. Mmoja wa mapadre wa kizazi hicho, Kolumba Msigala, aliandika baadaye kumbukumbu zake kwa Kiswahili, na wanahistoria wamezitumia kuelezea ukuaji wa kanisa la kusini.

Umuhimu wa mpangilio huo wa kila siku haufai kudharauliwa. Mtu aliye katika dhiki mara nyingi hana maneno yake mwenyewe. Njaa humnyang'anya hata ufasaha. Sala iliyokaririwa, iwe ni Zaburi au dua au nyiradi, humkopesha maneno siku ambayo hana, na humweka pamoja na wengine wanaoyatamka. Katika maana hiyo, kutegemea ni neno sahihi kabisa. Aliyechoka huegemea kilichosimama.

Hitimisho

Misiba mitatu ya Masasi na Newala haitoi ushahidi kwamba kila aliyeomba aliokolewa. Mateka wengine wa mwaka 1882 hawakurudi. Waliokufa kwa njaa baada ya Maji Maji walikuwamo waumini wa kila dini. Wapagazi wengi wa mwaka 1917 hawana kaburi linalojulikana. Mwanahistoria anayetaka kuonyesha uwezo wa Mungu kwa kuhesabu waliosalimika atalazimika pia kuwahesabu wasiosalimika, na hesabu hiyo haitamsaidia.

Kinachothibitishwa na historia hii ni kitu kingine. Watu waliopoteza nyumba, watoto, mavuno na viongozi waliendelea kulitaja jina ambalo ndani yake lina neno enzi. Kwa kufanya hivyo walikataa kuamini kwamba aliyewachomea nyumba ndiye mwenye neno la mwisho juu yao. Walilalamika, walikomboa, walihama, walificha chakula, walizika, na walisali. Hawakuona kwamba kimoja kati ya hivyo kinabatilisha kingine.

Kiswahili kilikuwa chombo cha kazi hiyo. Lugha ambayo mara nyingi husifiwa kwa kuunganisha makabila, kwa biashara na kwa siasa, inastahili kukumbukwa pia kama lugha iliyowawezesha Mmakonde, Mmakua, Mmwera na Myao kulia pamoja mbele ya Mungu mmoja. Wanafunzi wa Taaluma za Kiswahili watakaokwenda Masasi na Newala kukusanya msamiati wa kilimo, wa uchongaji na wa jando na unyago wangefanya vema kuwauliza wazee pia maneno waliyorithi ya kuomba mvua, ya kumwombea aliyeko safarini na ya kumzika mtu wakati wa njaa. Maneno hayo yalitungwa na watu waliokuwa katika njia nyembamba, na kila mzee anayefariki huondoka na sehemu yake.